Kutoka Kukumbuka hadi Kuimba: Maneno ya Ibada na Uimbaji, Nara na Bagamoyo



Kilomita chache kusini ya mji wa Bagamoyo yapo magofu ya Kaole: msikiti wa kale wa mawe, makaburi yenye nguzo, na udongo ambao wanaakiolojia wameokota ndani yake vipande vya vyombo vya kauri kutoka China. Mtu akishuka pwani hadi Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, ataona makaburi ambayo wajenzi wake walipachika bakuli na sahani za China kwenye nguzo, pengine kwa urembo, pengine kwa heshima ya marehemu. Tena twajua kwamba katika karne ya 15 merikebu za jemadari Zheng He zilifika katika mwambao wa Afrika Mashariki, na kwamba twiga kutoka Malindi alipelekwa hadi katika ua wa mfalme wa China. Vyombo vilifika, na wenye vyombo walifika. Maneno yao, hata hivyo, karibu yote yalibaki baharini.

Nasema karibu yote kwa sababu liko moja ambalo kila mmoja wetu amelitumia leo asubuhi. Chai ni neno la Kichina, 'cha', lililopitia Uajemi na Bara Hindi likatufikia sisi pamoja na majani yake. Neno hilohilo lilivuka upande wa pili hadi Japani, na huko lilishikamana na dini. Mtawa Eisai, aliyeishi baina ya 1141 na 1215, anakumbukwa kwa kuleta kutoka China mafunzo ya madhehebu ya Zen pamoja na kilimo na matumizi ya chai, ambayo aliyaandikia kitabu mwaka 1211. Watawa walikunywa chai wasisinzie katika tafakuri. Sisi tunakunywa na maandazi.

Katika mhadhara huu, basi, sikusudii kudai kwamba Kiswahili kimekopa msamiati wa ibada kutoka Asia ya Mashariki. Hakikukopa. Ninalokusudia ni kuweka bega kwa bega historia mbili ambazo hazikukutana kamwe: historia ya maneno ya Kibudha yaliyotoka Bara Hindi yakaingia Kichina, kisha Kijapani, na historia ya maneno ya Kiislamu yaliyotoka Kiarabu yakaingia Kiswahili cha Mrima, hasa yale yanayohusu sauti: kasida, maulidi, zikri, uradi, dufu. Nafanya hivyo kwa sababu ya hoja moja ambayo nimeisikia kwa miaka mingi, mara kutoka kwa wageni, mara kutoka kwa wenyewe, nayo ni hii: kwamba zikri ni neno la Kiarabu, kwa hiyo kinachofanyika Bagamoyo usiku wa maulidi ni kitu cha Kiarabu, na Mswahili ni mwigaji tu. Hoja hiyo inaonekana nyepesi, lakini imeamua mambo mazito: nani anahesabiwa kuwa mtunzi, kipi kinaingizwa katika kamusi, na kipi kinaachwa kirekodiwe na watu wa nje.

Sarufi iliyogeuka kuwa wimbo

Tuanze mbali. Uimbaji wa ibada katika mahekalu ya Kibudha ya Japani huitwa 'shōmyō'. Ni uimbaji wa sauti za kiume, wa polepole, ambamo silabi moja yaweza kuvutwa kwa muda mrefu kuliko beti nzima ya shairi letu. Jina lenyewe limeundwa kwa viandiko viwili vya Kichina, kimoja chenye maana ya sauti na cha pili chenye maana ya mwangaza au elimu. Wachina walikuwa wameliunda neno hilo, wao wakilitamka 'shengming', ili kufasiri neno la Kisanskriti 'śabdavidyā'. Na hilo la Kisanskriti lilikuwa na maana gani? Lilikuwa jina la mojawapo ya elimu tano za Bara Hindi: elimu ya sauti na maneno, yaani sarufi. Naomba wanaisimu waliopo wafurahi kidogo. Fani yetu ilipofika Japani iligeuka kuwa nyimbo za hekaluni.

Mageuzi hayo hayakuwa upuuzi. Mtu aliyesoma matini takatifu ya Kihindi nchini China alilazimika kujua matamshi. Kujua matamshi kulikuwa kujua sauti. Na sauti ikitamkwa sawasawa mbele ya sanamu ya Budha ilikuwa tayari ni ibada. Neno lilitembea hatua moja moja, na kila hatua ilikuwa na mantiki yake. Wachina wenyewe waliendelea kuuita uimbaji wao wa ibada kwa jina jingine, 'fanbai', ambalo sehemu yake ya kwanza inatokana na jina la Brahma na hutumika kumaanisha mambo ya Kihindi. Mapokeo ya Kichina yanasimulia kwamba Cao Zhi, mwana wa mfalme aliyeishi baina ya 192 na 232, aliusikia uimbaji huo kutoka mbinguni alipokuwa katika mlima Yushan. Wajapani walipoanzisha kitovu chao cha uimbaji huko Ōhara, karibu na Kyoto, ambako mtawa Ryōnin (1073–1132) aliupanga upya, walipaita mahali hapo kwa jina la mlima ule ule wa China, wakilitamka 'Gyozan'.

Zipo tarehe zinazofaa kukumbukwa. Mwaka 752, katika hekalu la Tōdaiji mjini Nara, sanamu kubwa ya Budha ilifumbuliwa macho kwa ibada iliyoongozwa na mtawa wa Kihindi, Bodhisena, huku umati wa watawa ukiimba. Kūkai alikwenda China mwaka 804 akarejea 806. Ennin alikaa huko tangu 838 hadi 847, na kurejea kwake kuliimarisha uimbaji wa madhehebu ya Tendai. Ni safari za kutafuta elimu, zisizotofautiana sana na safari za wanazuoni wetu waliokwenda Hadhramaut na Makka kutafuta ijaza.

Jambo linalonivutia zaidi ni mgawanyo wa nyimbo zenyewe. Wajapani wana nyimbo za sifa za aina tatu: 'bonsan', zilizo katika Kisanskriti kilichoandikwa kwa sauti, 'kansan', zilizo katika Kichina, na 'wasan', zilizo katika Kijapani. Aina ya kwanza karibu hakuna mwimbaji anayeifahamu neno kwa neno. Aina ya tatu ilisambaa hadi kwa wakulima, na Shinran (1173–1263) alizitunga kwa wingi ili watu wasiosoma Kichina nao wapate mafunzo. Sasa hebu mtu aende kwenye maulidi ya Mrima asikilize. Atasikia matini ya Kiarabu ya Barzanji, mwanachuoni wa Madina wa karne ya 18. Atasikia pia kasida za Kiswahili zilizotungwa na walimu wa madrasa. Huko Barawa, mashairi ya dini ya Chimwini, lahaja ndugu ya Kiswahili, huitwa 'steenzi', umbo la utenzi wetu, na Dada Masiti ni miongoni mwa watunzi wake mashuhuri. Hamziya ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, ilifasiriwa kwa Kiswahili cha kale na Sayyid Aidarus, na tafsiri hiyo husomwa ikifuatana na Kiarabu chake, mstari kwa mstari. Ngazi hizi hazikufundishwa na mtu mmoja pwani na Japani. Zinazaliwa popote dini inapokuja na lugha yake.

Kukumbuka kwa sauti

Nakuja kwenye kiini. Neno la Kiarabu 'dhikr' lina maana mbili zisizotengana: kukumbuka na kutaja. Sisi tunalo katika sura mbili, dhikri na zikri, na tunalo pia katika kitenzi dhukuru. Kinachokumbukwa ni jina la Mwenyezi Mungu, na kukumbuka huko ni kwa ulimi. Katika Kijapani liko neno 'nenbutsu', kutoka Kichina 'nianfo'. Sehemu ya kwanza, 'nian', ni kukumbuka, kuweka moyoni. Sehemu ya pili ni Budha. Neno zima lilifasiri neno la Kisanskriti lenye maana ya kumkumbuka Budha, ambalo awali lilihusu tafakuri ya kimya. Lakini katika Kichina 'nian' ikaja kuwa pia kusoma kwa sauti, na nenbutsu ikawa kulitaja jina la Budha Amida tena na tena. Shanga za kuhesabia huitwa kwa Kichina 'nianzhu', shanga za kukumbukia. Sisi tunazo tasbihi.

Angalieni, basi: lugha mbili zisizo na nasaba, dini mbili zisizo na itikadi moja, na neno la kukumbuka limefuata njia ile ile kutoka moyoni hadi mdomoni, na kutoka mdomoni hadi mwilini. Maana halikuishia mdomoni. Ippen (1239–1289) alizunguka Japani na wafuasi wake wakitaja jina huku wakicheza, na wakubwa wa dini wakakunja uso. Kwetu, wafuasi wa Qadiriyya husimama, huinama na kuinuka kwa mwendo mmoja, hadi jina linapokuwa pumzi ya kifuani tu. Ndiyo maana pwani yote kuna watu walioiita zikri ya kukohoa. Neno zikri limetoka Uarabuni. Kukohoa ni Kibantu kitupu, na ndilo linaloeleza kinachosikika.

Kwamba mambo haya si mchezo kunadhihirika katika mwaka 1207. Mwaka huo dola ya Japani ilipiga marufuku nenbutsu ya kundi la Hōnen. Yeye na Shinran walihamishwa, na wanafunzi wake wawili, Jūren na Anraku, waliuawa. Wawili hao walisifika kwa uzuri wa sauti zao katika ibada. Pwani yetu haikufika huko, lakini ilikuwa na ugomvi wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Habib Saleh alipoimarisha maulidi ya al-Habshi huko Lamu, katika msikiti wa Riyadha, pamoja na ngoma zake, baadhi ya wenye mji walimpinga vikali, na sehemu ya upinzani huo ilikuwa kwamba watu wa chini walikuwa wamekaribishwa. Hata leo wako wanaosema dufu lisivuke kizingiti cha msikiti.

Kusoma si kuimba

Hapa ndipo kitenzi kinapoamua. Wazee wa Mrima husema maulidi husomwa. Hawasemi huimbwa, ingawa mgeni mwenye masikio atasikia mahadhi, vibwagizo na kupokezana. Qurani husomwa, uradi huvutwa, dufu hupigwa. Ngoma huchezwa, na anayeimba ni mtu wa ngoma au wa taarabu. Kasida peke yake imesimama kati: wengine husema kusoma kasida, wengine kuimba kasida, na mara nyingi waweza kukisia msimamo wa msemaji katika mgogoro wa muziki kwa kitenzi alichokichagua. Wajapani nao hawasemi 'utau', kitenzi cha kuimba, kwa shōmyō. Husema 'tonaeru', kutamka kwa kughani. Mtafiti anayejaza fomu yake "aina ya wimbo" kabla hajasikiliza vitenzi ameshapoteza nusu ya habari.

Wakristo wa Bagamoyo wana historia yao ya pekee, nami nitaigusa kwa ufupi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni hapo mwaka 1868, na mmoja wao, Charles Sacleux, aliyetumikia Zanzibar na Bagamoyo, alikusanya maneno ya lahaja za pwani katika kamusi kubwa iliyochapishwa mwaka 1939. Makanisa yalihitaji jina la nyimbo za ibada, na lile lililokuwa karibu likawa utenzi. Leo Mkristo wa bara akisikia tenzi hukumbuka kitabu cha nyimbo cha Tenzi za Rohoni, wala si Inkishafi. Ni mageuzi halali kabisa ya maana, kama yale ya shōmyō.

Sauti zenyewe

Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi wazi. Jina la Budha lilifika China likafupishwa kuwa silabi moja iliyoishia kwa konsonanti, takriban 'but'. Wajapani wakaipachika irabu, ikawa 'butsu'. Sisi tulipewa 'duff' tukasema dufu, wingi madufu. Tulipewa 'wird' tukafanya zaidi. Watu walisikia mwanzo wake kama kiambishi u-, wakaliweka katika ngeli ya ulimi na ndimi, likawa uradi, wingi nyiradi. Hapo si matamshi tu yaliyobadilika: neno limepewa uraia. Hakuna Mwarabu atakayelitambua neno nyiradi, na hana sababu ya kulitambua. Wamakhuwa wa Kisiwa cha Msumbiji, kwa upande wao, wana ngoma ya wanawake iitwayo 'tufo', ambayo jina lake huelezwa kuwa limetokana na duff ileile.

Aidha, maneno ya mkopo hayaji mara moja. Katika Kijapani kiandiko kimoja chenye maana ya kwenda au kutenda husomwa 'gyō' katika maneno ya kale ya mazoezi ya dini, 'kō' katika maneno ya wimbi la pili, kama lile la benki, 'ginkō', na 'an' katika wimbi la tatu lililokuja na watawa wa Zen, kama 'angya', matembezi ya mtawa. Sisi nasi tuna matabaka. Kasida ni umbo la zamani, lililolainika. Kaswida, na siku hizi qaswida, ni maumbo ya watu wanaotaka herufi swadi ya Kiarabu isikike, kama katika swala na swaumu. Umbo hili la pili ndilo linalotawala leo katika matangazo na kanda za kurekodiwa. (Jina la Kiswahili halimo katika kundi hilo, sw yake inatokana na sini na wau za 'sawahil', na anayeliwekea swadi analikosesha nasaba.) Kwa watu wengi mapya hayo ni usahihi. Kwangu mimi ni tabaka jipya, lenye haki sawa na la zamani, ila lisilo na haki ya kulifuta. Mzizi wake ni q-s-d, kukusudia. Kwa hiyo kasida na kusudi ni ndugu wa damu waliofika pwani kwa majahazi tofauti.

Nani aliyepokea

Mwanazuoni aliyeifanya Bagamoyo kuwa kitovu cha Qadiriyya hakutoka Uarabuni. Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kama Sheikh Ramiya, alitoka Manyema, mashariki ya Kongo, akafika pwani akiwa mtumwa mdogo. Alisoma, akafanya biashara na kilimo, akawa khalifa wa tarika, na alipofariki mwaka 1931 maulidi ya Bagamoyo yalikuwa yakivuta watu kutoka mbali. Mwanawe, Sheikh Muhamadi, aliendeleza kazi hiyo. Tawi lao la Qadiriyya lilikuwa limeenezwa na Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909. Silsila, basi, imepita Barawa na Zanzibar, ikamkuta mtu wa Manyema katika mji wa misafara. Wajapani huita silsila ya mafunzo 'kechimyaku', mishipa ya damu, na waimbaji wa shōmyō wanazo za kwao. Damu ya neno la Bagamoyo ni mchanganyiko huo.

Wenyewe walikuwa na kalamu pia. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliandika desturi za Waswahili wa Mrima, pamoja na ngoma zao na mambo ya dini yao, katika kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Wajapani waliandika hata mahadhi. Alama zao za kuonyesha kupanda na kushuka kwa sauti huitwa 'hakase', neno ambalo pia lina maana ya mwanachuoni aliyehitimu, na kitabu chao cha mwaka 1472 kutoka mlima Kōya ni miongoni mwa vitabu vya kale zaidi duniani vilivyochapwa pamoja na alama za muziki. Mahadhi ya Mrima yamebaki vifuani mwa watu, na watu hufa.

Kazi iliyo mbele ya idara zetu, kwa hiyo, ina mipaka inayoeleweka: kupita Kaole, Bagamoyo, Saadani na Pangani, na kuandika kutoka kwa wasomaji wa maulidi majina ya mahadhi, ya mapigo ya dufu, ya mwendo wa zikri, na vitenzi vinavyoandamana nayo. Kwa mfano tu, ingizo moja la kamusi ninalolipendekeza lingesomeka hivi: kasida (pia kaswida, qaswida) nm [i-/zi-]. 1. utungo wa kumsifu Mtume au wa mawaidha, kwa Kiarabu au Kiswahili. Soma ~, imba ~. 2. tendo la kundi la kuughani utungo huo kwa kupokezana, pamoja na dufu au bila dufu; toa ~, itikia ~. 3. (Mrima) kikao chenyewe: Jana tulikuwa kasidani.